Mtoto kashindwa kujizuia, kompyuta imepima nini?

Haya ni maongezi niliyoyatoa Mtwara mjini mbele ya walimu wa shule za msingi na wazazi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu pale tulipokatizwa.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni, walimu wenzangu habari za asubuhi, na nyie mliotoka Newala na Tandahimba na gari za alfajiri poleni sana na safari.

Nimeombwa niongelee vile vipimo vya saikolojia vya kwenye kompyuta vinavyopima mtu anavyoweza kujizuia, yaani mkono umeshaanza kwenda na kichwa kinasema acha, je mkono unaacha au hauachi, na ukiacha unaacha kwa haraka gani. Nilikubali palepale kwa sababu siku hizi programu za hivi zinapatikana bure, ukiwa na laptop na bando unaipata, na tayari wapo wazazi wanaokuja wameshika karatasi ina namba, mtoto kachezeshwa dakika kumi kwenye tableti halafu mama kaambiwa mwanao ana shida ya kujizuia. Mama wa watu halali usiku. Kwa hiyo leo nataka tuelewane vizuri namba ile inatoka wapi na inasema nini kweli, na msimamo wangu nauweka mezani mapema: vipimo hivi ni kazi nzuri sana ya kisayansi na mimi navipenda kwa moyo wote, lakini havijafikia kiwango cha kumhukumu mtoto mmoja mmoja, na sitaki nione mtu anavitumia hivyo kwenye shule zetu za huku.

Tuanze na kitu mnachokijua. Wote humu ndani mmecheza nyama nyama. Kiongozi anaita "nyama nyama nyama", duara zima linajibu "nyama!", anataja ng'ombe, "nyama!", mbuzi, "nyama!", kuku, "nyama!", anaongeza spidi, bata, kondoo, ng'ombe tena, halafu katikati ya mbio hizo anadondosha fisi. Nusu ya duara imeshapiga kelele na kuruka. Sasa angalieni kiongozi mzuri anavyofanya, fisi hamtaji mwanzoni, kwanza anaijenga ile hali ya kuitikia mpaka mdomo unajibu wenyewe, ndo anaweka mtego, na mtego anauweka mara chache. Akiweka fisi wengi mchezo unakufa kwa sababu kila mtu anaanza kusubiri asikie vizuri kwanza. Hiyo ndo kanuni ya kwanza ya vipimo vyote vya kujizuia: lazima kuwe na kitu kinachokusukuma utende, la sivyo hakuna cha kuzuia.

Kwenye kompyuta kuna jaribio la bonyeza-usibonyeze ambalo ni hivyohivyo. Herufi au picha zinapita kwenye skrini moja moja, kila ukiona unabonyeza, isipokuwa ile moja uliyoambiwa uiache. Za kubonyeza zinakuwa nyingi, tuseme nne kwa moja, na kinachohesabiwa ni mara ngapi umebonyeza pale ulipotakiwa utulie. Wazo lenyewe ni la zamani mno, yule Mholanzi Donders mwaka 1868 alishakuwa anapima muda wa mtu kuitikia sauti moja na kuziacha nyingine. Mwaka 1997 Ian Robertson na wenzake wakatoa toleo ambalo limetumika sana, namba 1 mpaka 9 zinapita, unabonyeza zote ila 3. Ukilisikia unaona rahisi. Ukilifanya dakika nne tu utajikuta umebonyeza kwenye 3 huku unaiona kabisa kwamba ni 3.

Na hapa kuna jambo la huku kwetu. Kwenye nyama nyama ukitaja panya, mtoto wa Masasi au Newala anaweza akasema nyama na yuko sahihi, kwao panya wa shambani ni kitoweo, na mtoto mgeni aliyehamia kutoka Dar atamwona kakosea atamtoa. Ukitaja nguruwe, jibu la mtoto wa Mikindani na la mtoto wa Ndanda yanaweza yasifanane. Hakuna aliyeshindwa kujizuia hapo, kila mmoja kafuata sheria anayoijua. Ndo maana kabla hujahesabu kosa hata moja hakikisha sheria imeeleweka, kwa lugha ya mtoto, na kafanya mazoezi mpaka umeridhika. Maelekezo yanasomwa mbio mbio kwa Kiswahili cha kitabuni mbele ya mtoto wa darasa la kwanza ambaye nyumbani ni Kimakonde tupu, halafu makosa yake yanaandikwa kwenye safu ya kukosa kujizuia. Hiyo si haki.

Sasa nije kwenye jaribio ninalolipenda kuliko yote, mnivumilie hapa nitakaa kidogo. Bonyeza-usibonyeze linakuambia mtu kakosea mara ngapi, halikuambii kusimama kwake kuna kasi gani. Na shida ya kupima kusimama ni kwamba mtu akifanikiwa hakuna kinachotokea. Mkono umetulia. Utaipigia saa nini? Utapimaje muda wa kitu ambacho hakikufanyika?

Mwaka 1984 Gordon Logan na William Cowan waliandika jibu la swali hilo na mpaka leo tunalitumia. Unamkalisha mtu, skrini inaonyesha mshale, ukielekea kushoto anabonyeza kushoto, ukielekea kulia anabonyeza kulia, haraka iwezekanavyo. Ila mara moja katika kila nne, mshale ukishatokea unafuata mlio mfupi, na akisikia mlio asibonyeze. Ujanja wote uko kwenye pengo kati ya mshale na mlio. Mlio ukija mapema ni rahisi kusimama, ukija umechelewa kidole kimeshaondoka. Kompyuta inaanza na pengo la kama milisekunde 250 hivi, robo sekunde, akifaulu kusimama inaongeza 50 iwe ngumu, akishindwa inapunguza 50 iwe nafuu, inamfuata hivyo panda shuka panda shuka mpaka inafika kwenye pengo ambalo anafaulu nusu na kushindwa nusu.

Halafu wakasema chukulia kwamba ndani ya kichwa wanakimbia wawili, mmoja ni nenda na mwingine ni simama. Nenda anaondoka mshale ukitokea, simama anaondoka mlio ukilia, atakayefika kwanza ndo anaamua. Pale mtu anapofaulu nusu na kushindwa nusu maana yake hao wawili wanafika karibu sawa. Nenda tunajua anatumia muda gani kwa sababu ziko mara nyingi ambazo mlio haukuwepo na tumezipima. Simama tunajua kaondoka saa ngapi kwa sababu mlio tumeupiga sisi wenyewe. Basi unatoa. Kwa mfano wa hesabu tu, mtu muda wake wa katikati wa kubonyeza ni milisekunde 460 na pengo la wastani ni 230, basi kusimama kwake kumechukua 230. Kama kashindwa asilimia 45 badala ya nusu, unazipanga nyakati zake zote za kubonyeza toka fupi kwenda ndefu, unachukua ile iliyokaa kwenye asilimia 45 ya foleni, halafu ndo unatoa pengo. Kwa vijana wazima wenye afya jibu mara nyingi linaangukia milisekunde 200 hadi 250.

Mimi kila nikilieleza hili moyo unafurahi. Watu wamepima kitu kisichoonekana kwa kutoa tu. Na msidhani ni kitu cha maabara peke yake, dereva wa boda anayekwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndo mwisho unaoruhusiwa kwenye makazi, anakata karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo zile milisekunde 200 ambazo kichwa kinatumia kulifuta tendo lililokwishaanza, tuseme alishaanza kuovateki akaona gari, ni karibu mita 3 za barabara, na hapo breki yenyewe haijashika.

Kuhusu ubongo nitasema kidogo. Mwaka 2003 Adam Aron na wenzake walipima wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kulia, wakaona jinsi jeraha linavyokuwa kubwa eneo fulani la hapo mbele pembeni ndivyo kusimama kunavyochelewa. Na mwaka 1999 Williams na wenzake waliwapima watu wa miaka 6 mpaka 81, watoto wadogo walichukua muda mrefu zaidi kusimama na muda huo ulipungua jinsi umri unavyopanda. Wazee wangu mliokaa mbele mtafurahi kusikia kwamba uzeeni kinachochelewa sana ni kuitikia, kusimama kunachelewa kidogo tu.

Sasa nataka mpate picha ya mtoto mwenyewe akiwa kwenye kiti. Darasa la pili, miguu haifiki chini, vitufe viwili vya kibodi tumevibandika stika, chekundu kulia, cha bluu kushoto, kwa sababu kulia na kushoto bado anachanganya. Mishale inapita, anabonyeza, anabonyeza, anabonyeza. Mlio. Kidole kinashuka, kinagusa stika bila kubonyeza, kinarudi juu. Mshale mwingine, mlio, kimebonyeza. Na kabla mtu yeyote hajasema neno anajipiga kofi mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Natamani kila mwalimu wa mkoa huu akione kile kikofi. Sheria mtoto anaijua, kosa kaliona mwenyewe kabla ya mtu mzima aliyekaa pembeni yake, kilichopungua ni sehemu ya sekunde, na sehemu hiyo ya sekunde inakuja na umri. Halafu huyohuyo kesho darasani akiropoka jibu kabla hajanyoosha mkono anachapwa kwa utovu wa adabu! Walimu wenzangu, mimi hili linaniuma, na nalisema hapa mbele yenu bila kupepesa macho, mtoto wa miaka saba hawezi kusimama kwa kasi ya mtu wa miaka ishirini na fimbo haiongezi kasi hiyo.

Turudi kwenye ile karatasi yenye namba. Kuna mambo kadhaa yanaiharibu na mzazi ana haki ya kuyauliza.

La kwanza ni kusubiri. Mtu mwerevu akishagundua kuna mlio unakuja anaanza kuchelewesha kubonyeza makusudi, kama lile duara la nyama nyama lenye fisi wengi. Akisubiri sana kila kitu kinapinda, mbio za wale wawili sio mbio tena. Mwaka 2019 Frederick Verbruggen na kundi kubwa la watafiti wa jaribio hili walikaa wakakubaliana mwongozo, na wakasema mtu aambiwe wazi kwamba asisubiri, milio iwe robo ya mara zote, na isipungue 50 kwa kila mtu. Piga hesabu, milio 50 ikiwa ni robo maana yake mishale 200. Na kama mtu kashindwa kusimama chini ya asilimia 25 au juu ya asilimia 75, ule muda wa kusimama usihesabiwe kabisa. Kwa hiyo ukiletewa karatasi uliza kwa heshima tu, mwanangu alisikia milio mingapi? Wakikwambia kumi na mbili, ile namba iache hapohapo.

La pili ni kifaa. Skrini nyingi zinajichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani picha inabadilika kila milisekunde 16.7, haiwezi kutokea katikati. Kibodi nayo ina ucheleweshaji wake, skrini ya kugusa ndo zaidi, na tableti ya zamani iliyojaa maprogramu inachelewa leo hivi kesho vile. Ucheleweshaji wa kubonyeza unaingia moja kwa moja kwenye muda wa kuitikia na ukitoa pengo unabaki palepale kwenye jibu. Sasa wewe umewapima watoto wa shule ya mjini kwa laptop nzuri na watoto wa Nanyumbu kwa tableti iliyochoka, ukaona tofauti ya milisekunde 40, ukaandika ripoti kwamba watoto wa Nanyumbu hawajui kujizuia? Tofauti hiyo inaweza ikawa ya kifaa yote. Mimi ningependa hili lipigiwe kelele zaidi kuliko yote maana ndo litakalotuumiza huku pembezoni.

La tatu, masikio na tumbo. Jaribio linategemea mlio, na wapo watoto wetu wengi walioumwa masikio yakatoa usaha na hakuna aliyewapima usikivu. Asiyesikia mlio atabonyeza kila mara na karatasi itaandika hana kujizuia kabisa. Mtoto ambaye msimu wa korosho kaamka usiku kwenda kuokota, halafu kaja shule bila uji, huyo naye anapimwa usingizi na njaa.

Kusoma nako kupo. Jaribio la Stroop la mwaka 1935 mnalijua wengi, neno "nyekundu" limeandikwa kwa wino wa kijani, unatakiwa utaje rangi ya wino, na kusoma kunakuingilia kwa nguvu. Linategemea kusoma kuwe kumekuwa kwa haraka kiasi kwamba huwezi kujizuia usisome. Mtoto wa darasa la pili ambaye bado anaunganisha silabi, nye-ku-ndu, neno halimsumbui, anataja kijani bila shida, anatoka na alama nzuri za kujizuia kwa sababu hajui kusoma! Mwenzake anayesoma vizuri ndo anaonekana ana tatizo. Kwa wadogo kuna jaribio zuri zaidi ambalo Gerstadt, Hong na Diamond walilichapisha mwaka 1994, unamwonyesha mtoto picha ya jua anasema "usiku", ya mwezi na nyota anasema "mchana", halihitaji kusoma na hata kompyuta halihitaji. Na Kilifi kule Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha maendeleo ya watoto wadogo kwa kutumia vitu ambavyo mtoto wa kule anavifahamu, wakakijaribu kwa watoto wa palepale. Hiyo njia ndefu ndo njia.

Halafu liko hili ambalo wenzetu wa vyuoni wenyewe limewashtua. Mwaka 2018 Craig Hedge, Georgina Powell na Petroc Sumner waliwapima watu walewale mara mbili kwa mwachano wa wiki kadhaa, kwa majaribio maarufu ya aina hii, Stroop, bonyeza-usibonyeze, la mlio na mengine. Mengi yalikuwa hayampangi mtu sehemu ileile mara zote mbili, aliyekuwa wa juu safari ya kwanza anaweza akawa wa katikati safari ya pili. Sababu yake inaeleweka ukiifikiria: majaribio haya yalipata umaarufu kwa sababu karibu kila mtu anaonyesha matokeo yaleyale, kila mtu anachelewa kwenye wino wa kijani, na kitu kinachofanana kwa watu wote ni kizuri sana ukitaka kujua akili ya binadamu inafanyaje kazi, lakini kwa kuwa watu wanatofautiana kidogo tu, hakifai kuwapanga nani yuko juu ya nani. Ongeza na hili kwamba majaribio tofauti ya kujizuia hayakubaliani sana yenyewe kwa yenyewe, na hayakubaliani sana na dodoso ambalo mzazi anajaza kuhusu tabia ya mwanae nyumbani.

Mama mmoja pale nyuma kanyoosha mkono kauliza, je ADHD, ule utukutu na kukosa umakini, kompyuta haiwezi kutuambia? Mama yangu, ukichukua kundi la watoto wenye ADHD na kundi la wasio nayo, kwa wastani kundi la kwanza linachelewa zaidi kusimama, hilo limeonekana mara nyingi. Lakini makundi hayo yanaingiliana sana, wapo watoto wengi wenye ADHD ambao kusimama kwao ni kwa kawaida kabisa na wapo wasio nayo wanaochelewa. Daktari anayejua kazi yake atakuuliza wewe, atamuuliza mwalimu, atataka kujua dalili zimedumu angalau miezi sita, kama zilianza kabla ya miaka 12, kama zinaonekana nyumbani na shuleni pia maana zikiwa sehemu moja tu huenda tatizo liko kwenye hiyo sehemu, atapima masikio na macho. Kipimo cha kompyuta kikiwepo kinakaa pembeni ya hayo yote, hakitangulii.

Kijana wa boda hapa mbele kauliza kama yale magemu ya simu yanayosema yanafundisha ubongo kujizuia yanasaidia. Ukicheza utakuwa hodari wa gemu hilo, hiyo ni kweli. Ila ushahidi kwamba uhodari huo unahama kwenda barabarani au darasani ni dhaifu, mimi hela yangu nisingeitoa hapo, ningenunua helmeti.

Nimalizie ili mpate chai. Laptop mbili ziko pale mezani karibu na dirisha, moja ina namba zile za kuacha 3, nyingine ina mishale na mlio. Kila anayetaka akae ajaribu, walimu muanze nyie kabla ya watoto wenu, mfanye raundi ya mazoezi kwanza. Kwenye mishale mtashindwa karibu nusu ya milio hata mjitahidi vipi, kompyuta imetengenezwa ikufikishe hapo, kwa hiyo msikate tamaa, na tafadhali msichelewe makusudi kusubiri mlio. Namba mtakazopata hatuziandiki popote, tunazifuta mkishanyanyuka. Karibuni.